Kamba ya Mgomba kwenye Swichi Kuu

Nakumbuka mchana mmoja wa masika, mvua ya Kyela ikipiga bati la ukumbi wa Mbugani hadi mtu hasikii anachosema mwenzake, nami nimesimama mbele ya kisanduku cha chuma kilichokuwa kimenishinda. Nilikuwa kijana wa umri wako, mwanangu, wewe unayepanda ngazi kufunga taa za kwaya na za harusi. Nina neno la kukuambia kuhusu kazi hiyo, na neno lenyewe si jepesi, kwa hiyo kaa, usinihimize.

Kisanduku hicho tulikiita dima. Kazi yake ilikuwa kupandisha na kushusha mwanga wa jukwaa taratibu, ili kwaya ikianza wimbo wa huzuni ukumbi ufifie, na ikifika kwenye shangwe uchangamke. Kilikuwa cha mtumba, kilivushwa mto Songwe kutoka upande wa Malawi kikiwa kimefungwa nyuma ya baiskeli. Kilikuwa na safu ya vipini vya kusogeza juu na chini, kila kipini na taa yake, na kila taa na breka yake ndogo, ile inayoruka yenyewe umeme ukizidi kiasi.

Breka ya kipini cha tatu ilikuwa inaruka. Nikiirudisha, inaruka tena. Jumapili ulikuwa mkutano wa kwaya, na wageni wa ng'ambo ya mto walikuwa wameshaahidi kuja, kwa hiyo mwalimu wa kwaya hakuwa na subira. Akanishauri niishikilie breka kwa kidole mpaka izoee. Nami, kwa kuwa ujana hupenda njia ya mkato, nikaishikilia. Harufu ya plastiki inayoungua ilikuwa imeanza kunifikia puani aliponitokea Mzee Asajile.

Huyu ndiye aliyenifundisha umeme. Yeye mwenyewe aliupata bandari ya Itungi, enzi zile meli za ziwani ziliposhuka kusini zikiwa zimejaa watu, na alikuwa miongoni mwa waliotunza taa na mitambo yake. Meli zilipopungua alirudi shambani Njisi, kwenye kokoa na mpunga, akawa fundi wa kuitwa. Mimi sikupata shule ya ufundi. Nilipata vitabu vichache vilivyochanika majalada, na nikampata yeye.

Aliuondoa mkono wangu pale kwenye breka polepole, kama mzazi anavyomwondolea mtoto kisu. Hakunifokea. Alisema, "Huyu amekuja na habari, wewe unamziba mdomo. Mjumbe hauawi, mwanangu. Mwache aseme, kisha tumfuate alikotoka."

Mwalimu wa kwaya akatania, "Habari yenyewe fupi, mzee. Anasema ta, basi."

"Hata mtoto mchanga ana kilio kimoja tu," Mzee Asajile akajibu, "na mama yake anajua kama ni njaa au ni sisimizi."

Tukacheka. Baadaye nimekikumbuka sana kicheko kile.

Sasa fuatilia, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kwanza alikwenda stoo ya nyuma ya jukwaa, iliko swichi kuu, akaishusha. Kisha akatoa mfukoni kipande cha ganda kavu la mgomba, lile tunalofungia kila kitu huku kwetu, kuanzia mzigo wa kuni hadi mdomo wa gunia la mpunga, akakizungusha kwenye mkono wa swichi na kukifunga fundo. Fundo lake lilikuwa la melini. Sijaona mtu mwingine Kyela akilifunga. Alisema kamba hiyo ni neno: aliyeifunga yuko kazini, asiyeifunga asiguse. Sisi wanafunzi wake tulilijua neno hilo. Sikufikiri siku ile ni nani mwingine analijua.

Alichomoa plagi zote za taa kutoka kwenye dima, ikabaki tupu. Akafungua kamba, akawasha. Breka ikatulia. "Umeona," akasema, "ndani ya nyumba hakuna mgomvi. Mgomvi yuko nje, kwenye waya au kwenye taa." Akazima, akafunga kamba tena. Kila mara, mwanangu, bila kuruka hata mara moja, na baada ya kuzima aliigusa sehemu ya kazi kwa tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme, kabla ya kuigusa kwa kidole. Nilihesabu hayo kuwa ni uzee.

Nilichukua mita nikapima waya wa taa ya tatu, nikaona sindano imelala upande wa shoti. Nikamwita kwa fahari kuwa nimeipata. Alikuja, akatazama, akaniuliza kama nimetoa globu. Sikuwa nimeitoa. Globu kubwa ya jukwaa ikiwa baridi, uzi wake wa ndani hupitisha umeme kirahisi kiasi cha kumdanganya mpimaji. Utaona kama shoti na kumbe ni uzima wake. Akaitoa, nikapima tena, na safari hii sindano ikalala palepale. "Sasa ndiyo yenyewe," akasema. "Ila ungeweza kuwa umepatia kwa bahati, na bahati haifundishi."

Tuliufuata waya kwa mikono. Darini, pale bati lilipokuwa likivuja, tulikuta kiungo cha zamani kilichoviringishwa plasta, ndani kimejaa maji na kutu ya kijani. Panya naye alikuwa ameshapita hapo. Tulikata kipande chote kibovu tukaunga upya mahali pakavu. Mficha maradhi kifo humuumbua, akasema akikitupa kile kipande chini. Yule aliyekiviringisha plasta miaka hiyo alikuwa ameficha maradhi.

Tukarudisha globu, tukawasha. Breka ikatulia. Lakini taa ya tatu iliwaka kwa nguvu zake zote, nami kipini sikuwa nimekigusa, kilikuwa chini kabisa. Nikakipandisha, nikakishusha. Taa haikujali. Ikakaa inatukodolea hivyo muda kidogo, kisha globu ikalia kidogo ndani yake, ikakatika. Giza.

Nakuomba uisikilize sehemu hii taratibu. Mzee Asajile alinishika bega akanigeuza niitazame ile taa iliyozimika. Akaniambia kuwa shoti haiondoki bure, humwachia jeraha aliyeibeba. Kile kifaa kidogo ndani ya dima kinachopunguza umeme kilikuwa kimeungua, na kikiungua mara nyingi hukwama kikiwa wazi, hakipunguzi tena kitu. Kipini kitakuwa chini, nawe utaamini umezima, kumbe umeme wote uko juu kwenye holda, pale globu inapochomekwa. "Ulipoona mwanga ulijua umeme upo," akasema. "Sasa mwanga haupo. Umeme umekwenda wapi?"

Nikasema upo palepale.

"Upo palepale. Giza si ushahidi, mwanangu. Ushahidi ni tesita."

Akaenda stoo, akashusha swichi kuu, akafunga kamba yake ya mgomba kwa fundo lile. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: kubadili kile kifaa ndani ya dima, na kubadili globu.

Hapo ndipo mtu alipoingia akiwa amelowa, akavua kofia kabla hajasema. Mzee Gwakisa amefariki. Huyu Gwakisa alikuwa mwenzake Mzee Asajile tangu melini, walilala kwenye chumba kimoja cha mabaharia, na uzeeni mashamba yao ya kokoa yalipakana. Mzee Asajile aliketi kwenye ukingo wa jukwaa. Akafuta bisibisi yake kwa kitambaa, akaiweka, akaichukua, akaifuta tena.

Unajua desturi yetu. Msiba ukilia, hakuna anayesema ngoja nimalize. Jembe huachwa shambani likiwa limesimama, na sufuria hutolewa jikoni. Anayebaki kazini wakati jirani yake amelala chini ya shuka huyo si mtu wa kwetu. Tukaacha ngazi pale pale ilipokuwa imeegemea, tukaenda.

Njisi palijaa. Wanaume nje chini ya maturubai, wanawake ndani na jikoni, baiskeli zikileta mchele na mikungu ya ndizi. Ukumbi wa Mbugani ndio uliokuwa na mikeka na masufuria makubwa ya shughuli, kwa hiyo watu walikwenda na kurudi. Mvua haikukoma hadi kaburi likabidi lichotwe maji kabla ya kuteremsha jeneza. Mzee Asajile alikuwa miongoni mwa walioshika kamba. Sikumwona akilia. Nilimwona akitazama maji yaliyobaki chini, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

Tulirudi ukumbini baada ya mazishi, mkutano wa kwaya ukiwa karibu. Mzee Asajile alikuwa hajalala, macho yamevimba. Alinituma dukani nikatafute globu inayofanana na ile iliyokatika, naye akasema ataitoa ya zamani wakati ananingoja, ili tusipoteze mchana.

Nilipata globu. Nilirudi nayo nikiwa nimeifunga kwenye shati isilowe. Nilipofika mlangoni nilimwona amelala sakafuni mbele ya jukwaa, ngazi imeanguka kando yake, na mwalimu wa kwaya amepiga magoti akimwita jina. Alikuwa ameegemea chuma cha dari kwa mkono mmoja, wa pili ukaingia kwenye holda. Umeme haukumuua. Ulimtupa, na ukingo wa jukwaa ukaupokea mgongo wake.

Nilikimbia stoo. Swichi kuu ilikuwa juu. Mkono wa swichi haukuwa na kamba.

Tulimpeleka hospitali. Hakusimama tena.

Mwanangu, huzuni ya kijana hutafuta mtu wa kumbebesha. Sikuweza kukaa. Nikaanza kuitafuta hitilafu kwa watu kama alivyonifundisha kuitafuta kwenye waya: gawanya, pima, gawanya tena. Vijana waliokwenda kuchukua masufuria jioni ya kwanza ya msiba walikiri kuwa ndio waliopandisha swichi, maana stoo ilikuwa na giza. Niliwauliza kama waliona kamba. Mmoja alinijibu kuwa swichi ilikuwa imelala tu, haina kitu, na kama ingekuwa na kitu wangeuliza. Nilimwamini. Basi kamba ilitolewa kabla yao. Kabla yao walikuja wanawake kuchukua mikeka.

Siku mikeka iliporudishwa nilikuwa pale. Ililetwa na Mama Tumpale, mke wa Mzee Asajile, amesukuma baiskeli kutoka Njisi kabla ya kwenda kumlisha mumewe hospitali. Mzigo ulikuwa umefungwa kamba ya mgomba, na upande mmoja wa kamba ile kulikuwa na fundo la melini, halijafunguliwa, limechomolewa tu kwenye kitu lililokuwa limekivaa.

Nikamuuliza, "Mama, mikeka hii nani aliifunga?"

"Mimi, tata," akasema, akiniita baba kama mama zetu wanavyowaita hata vijana wanaowaheshimu. "Kwani imepungua?"

Nikasema haikupungua.

Nilikwenda hospitali nikiwa nimebeba jambo hilo kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye jani. Sikujua nitalitua wapi. Nilimkuta mzee amelazwa chali, uso umekonda, mkewe yuko nje akipasha uji. Nikainama nikamwambia nimempata aliyetoa alama.

"Tulipotafuta shoti kwenye waya," akauliza, "tulitaka tufanye nini?"

"Turekebishe."

"Huyo uliyempata utamkata kipande gani?"

Akaniambia nisilitaje jina, kwa kuwa analijua. Msibani, mikeka ilipotandikwa, aliiona kamba yake. Aliliona fundo lake mwenyewe limelala pale kwenye nyasi. "Nikasema moyoni, nikirudi nitafunga nyingine na nitapima," akasema. "Kisha tukamteremsha Gwakisa kwenye yale maji, na kumbukumbu ikateremka naye. Nilirudi nikaona giza, nikaliamini. Miaka yote nawaambia nyinyi, nami nikaliamini."

Kisha akasema jambo ambalo nimelifanyia kazi maisha yangu yote. "Na alama yenyewe, mwanangu. Niliifunga kwa kitu ambacho kila mkono wa Kyela umezoea kukifungua. Mama wa watu alitafuta kamba akaona kamba. Angeona nini kingine?"

Akanikataza nisimwambie mkewe, wala mtu yeyote. Nikaapa. Mama Tumpale aliingia na kikombe, naye mzee akanyanyua kichwa kidogo, akanywa taratibu, akasema, "Ndaga fijo," ile asante yetu kubwa, kama mtu aliyepewa kitu ambacho hakukistahili.

Mzee alifariki kabla masika hayajaisha. Kwaya iliahirisha mkutano wake, na ilipokutana nilikuwa nimeshabadili kifaa ndani ya dima. Kipini cha tatu kilitii. Waliimba wimbo wa kumuaga mzee, nami nikashusha mwanga polepole hadi ukumbi ukabaki na sauti tu. Watu walisema umependeza. Mimi nilikuwa natazama ile holda gizani, na wimbo ulipokwisha nilikwenda stoo kushusha swichi kuu kabla ya kumpa mtu mkono.

Miaka ikapita. Kila nilipokwenda Njisi nilimsalimu Mama Tumpale, nikamsaidia bati lililong'oka au taa ya jikoni. Tulizungumza mvua, bei ya kokoa, wajukuu walioolewa upande wa Karonga. Jambo lile lilikaa katikati yetu bila kuguswa. Nilijiambia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na nilijiona mtu mwenye kutunza amana.

Mwaka jana nilimkuta akigeuza kokoa kwenye mkeka, ameshazeeka sana, mkono unatafuta punje kwa kugusa. Hakuniangalia. Akasema, "Ile kamba niliitoa mimi."

Nikachuchumaa kando ya mkeka. "Najua, mama."

"Nilijua unajua. Uliponiuliza habari ya mikeka niliyaona macho yako. Jioni ile nikalitazama fundo, nikaelewa. Nikangoja uje uniambie. Hukuja."

"Mzee alinikataza."

Mkono wake ukasimama juu ya kokoa. "Yeye alijua?"

Ndipo nikaona, mwanangu, nilichokuwa nimekifanya kwa miaka yote ile nikikiita amana. Nilimweleza yote: kwamba mumewe aliliona fundo msibani kwa macho yake, kwamba alikusudia kupima akasahau kwa huzuni, kwamba alisema kosa ni lake na hakuna mwingine. Nilisema polepole, maana kila neno lilistahili kumfikia miaka mingi nyuma, akiwa bado na nguvu za kulipokea.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kuku alikuja kuparura ukingo wa mkeka naye hakumfukuza.

"Kila nilipotaka kumwambia," akasema, "nilianza tu, 'Baba Tumpale, ile siku ya mikeka,' naye akasema, 'Niongeze uji.' Nikadhani ana njaa. Nikafurahi kuwa ana njaa." Akachukua punje moja ya kokoa, akaivunja kwa kucha, akainusa. "Kwa hiyo uji wangu alikuwa akiunywa anajua."

"Ndiyo, mama."

Kisha akaniambia ninaweza kuwasimulia vijana wangu wa taa, kamba ile isije ikawa ilitoka bure. Nilipoaga akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Masika ya mwaka huu tulimzika Njisi, karibu na mumewe, na mvua ilikuwa ni ileile.

Sasa mwanangu, haya ndiyo niliyoyabakiza, nami nakupa kama nilivyoyapata. Breka ikiruka usiishikilie wala usiibadilishie waya mnene. Mwache mjumbe aseme, umfuate alikotoka. Vua mzigo wote, rudisha kimoja kimoja, toa globu kabla ya kupima. Ukishaipata shoti usishangilie, tafuta kwanza ilimjeruhi nani njiani. Kipini kikiwa chini usikiamini, na taa ikiwa imezimika usiiamini zaidi. Alama yako isiwe kitu cha kawaida cha mahali ulipo. Funga kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwako, si kwa sababu watu ni wabaya, ila kwa sababu mazoea yana taabu na mikono ya watu wema ndiyo yenye kazi nyingi.

Na ukiitwa msibani, nenda. Mimi sikufundishi kubaki kazini jirani akilia. Lakini ukirudi, jihesabu kuwa mgeni katika kazi yako mwenyewe. Ulichokiacha hakiko kama ulivyokiacha, na wewe pia si yule aliyeondoka. Anza mwanzo. Pima tena, hasa siku ambayo moyo wako umechoka kupima.

Habari ya watu ni ngumu kuliko ya waya, nami sijaimaliza. Mzee Asajile alinifundisha kuwa hitilafu ya mtu haitafutwi ili akatwe, na hilo nalishika. Alilokosea, nami nikakosea baada yake, ni kudhani kimya kinamaliza kazi. Kimya kilimfunika yule mama, lakini chini yake aliendelea kuungua peke yake kama kile kiungo cha darini chini ya plasta. Ukijua neno litakalomtua mtu mzigo, tafuta siku ya kumpa, usimngoje azeeke.

Mungu awe kati ya mkono wako na chuma. Akuamshe mapema, akupe subira ya kupanda ngazi polepole na kushuka kwa miguu yako. Na nyumbani ukirudi, ukipewa uji, unywe na useme asante kwa sauti, na lile lililo moyoni mwako uliseme kabla kikombe hakijapoa.